Kabla ya Altezza Kulikuwa na Volvo ya Mtumba: Ndinga Kongwe, Kitonga na Watu Ambao Hakuna Anayewataja

Kila Desemba ikikaribia, ndinga za vijana wa Dar zinaelekeza pua Nyanda za Juu Kusini. Altezza, Grande, Impreza, na moja moja Celica au Fairlady. Zimeoshwa mpaka zinang'aa, tairi zimepakwa dawa nyeusi, mziki uko juu, buti imejaa zawadi za bibi. Picha ya kwanza inapostiwa Mikumi na tembo kwa nyuma. Ya pili ni Kitonga, pale kwenye kona ambapo barabara uliyoipita unaiona iko chini yako kama mkanda uliodondoshwa. Hapo komenti zinamiminika: "mnyama huyo", "chuma hicho", "mwamba karudi nyumbani".

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye kepsheni ni umri wa huyo mnyama. Toyota Altezza ilitoka kiwandani Japani kati ya mwaka 1998 na 2005. Maana yake hata ile ya mwisho kabisa kutoka imeshafikisha miaka 20. Mark II ya umbo la GX90 ilianza kuuzwa mwaka 1992. Huko duniani, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30. Kwa hiyo jamaa wa Sinza anayetembelea GX90 anaendesha gari ambalo Ulaya lingewekwa kwenye maonyesho Jumapili, watu wakalizunguka na kamera, halafu likarudishwa gereji na kufunikwa shuka. Yeye analipeleka Mbeya na abiria wanne, usiku, kwa spidi.

Ila tusimcheke. Kusukuma gari la spoti lililochoka kwenye barabara ngumu ni kitu cha zamani sana Afrika Mashariki, na kuna waliolifanya hilo wakashinda dunia nzima. Tofauti yao na huyu wa Sinza haikuwa mguu mzito. Ilikuwa ni nini kilifanyika kabla gari halijawashwa.

Barabara iliyoitwa jehanamu

Tuanze na barabara yenyewe, maana bila kuijua hii huwezi kuelewa kwa nini mafundi wa Iringa na Mbeya wana maneno makali.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alitangaza uhuru wa upande mmoja kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu nyuma, ikajikuta kwenye kona mbaya: mafuta yake yalikuwa yakipitia kusini, na kusini kumefungwa. Njia iliyobaki ni Dar es Salaam. Na kutoka Dar mpaka mikoa ya shaba ya Zambia ni karibu kilomita 2,000, sehemu kubwa ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Malori yakapakia mapipa ya mafuta na kuanza safari: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia. Kurudi yakabeba shaba. Wazungu waliokuwepo wakaipa jina la Hell Run, yaani safari ya jehanamu, na jina likaganda.

Fikiria lori la miaka ile. Hakuna pawa stelingi ya kueleweka, mzigo ni petroli, mvua inanyesha, na mbele ni mlima. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya nchi mbili, Zambia na Tanzania, ikaletewa Fiat kutoka Italia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kusukuma, ule mzigo wa mapipa ukapungua. Lami ikamwagwa kipande kwa kipande mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakamilika mwaka 1975. Lakini kwa miaka kadhaa katikati hapo, uhai wa nchi jirani ulipita juu ya breki za malori Kitonga.

Vitabu vinamtaja Nyerere na Kaunda, na ni sawa. Hakuna kitabu kinachomtaja utingo. Huyu ndiye aliyekuwa anaruka chini lori likianza kulemewa mlimani, kabari ya mti mkononi, anakimbia nyuma ya tairi ili likisimama tu aichomeke lisirudi nyuma. Kazi hiyo bado ipo. Ukipita milima yetu leo utawaona, kandambili mguuni, kabari begani. Ni mfumo wa usalama wa zamani kuliko ABS na haujawahi kupewa hata cheti.

Safari ya Pasaka

Sasa wakati malori yanahangaika na tope, kulikuwa na watu wengine Afrika Mashariki waliokuwa wanatafuta tope kwa makusudi. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakawa East African Safari, na kwa miaka mingi yakawa ndiyo shughuli ya Pasaka: watoto pembeni ya barabara, vumbi, halafu gari linapita kama risasi. Mwaka 1974 njia ikabaki ndani ya Kenya peke yake na jina likawa Safari Rally, hili ambalo wengi wenu mnalijua.

Mwanzoni magari yalikuwa ya kawaida kabisa, yale yale ya dukani, na yaligawanywa kwenye makundi kwa bei ya kununulia. Ndiyo maana viwanda vikapenda. Ukishinda Safari huhitaji tangazo lingine. Peugeot 404 iliuza kwa sababu ya Safari. Datsun ndiyo kabisa: 1600 SSS ilishinda mwaka 1970, halafu 240Z, babu yake Fairlady unazoziona mjini, ikabeba mwaka 1971 na 1973.

Na Tanzania ilikuwa na mtu wake. Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967 akiwa na Peugeot 404, msoma ramani wake akiwa Chris Rothwell. Mara mbili mfululizo. Vijana wa leo wanaweza kukutajia wachezaji wote wa akiba wa Arsenal ila jina hili wanalisikia hapa kwa mara ya kwanza.

Ukitaka kujua jinsi mashindano yale yalivyokuwa yanatafuna magari, chukua miaka miwili tu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Hayo ni magari yaliyoandaliwa, yamekaguliwa, na yana mafundi wanaoyafuata.

Hapa ndipo inapokuja Volvo ya mtumba.

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta magari ya PV544 kwenye Safari, na mambo hayakwenda. Baada ya hapo moja ya magari hayo, likiwa limeshapigwa na barabara ipasavyo, likaangukia mikononi mwa Joginder Singh wa Kenya. Wengine wangesema jamaa kauziwa mkweche. Lakini huyu hakuwa dereva wa kukaa nyuma ya usukani tu. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, baba yake alikuwa na gereji, yeye mwenyewe alikuwa fundi, na kabla ya umaarufu alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Maana yake, mtu huyu alilipwa mshahara kuangalia jinsi magari ya watu wengine yanavyokufa.

Akaifungua ile Volvo na kuijenga upya. Mwaka 1965, yeye na mdogo wake Jaswant wakapewa namba 1, wakaondoka wa kwanza na kumaliza wa kwanza. Gari lililotumika, lililoachwa na kiwanda, likayapiga magari mapya ya timu kubwa. Joginder alikuja kushinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Rudi juu uangalie ile hesabu ya 7 kati ya 93, halafu uisome tena hiyo.

Watu walipenda kusema ni kipaji. Kipaji kilikuwepo, hakuna ubishi. Ila mtu anayemaliza 19 kati ya 22 kwenye barabara zile ni mtu anayejua nati ipi inalegea kwanza.

Jamaa wa tochi

Kabla ya mbio yoyote ya maana, gari linapita kwa wakaguzi. Hawa nao hawana majina. Hawapigwi picha, hawamwagiwi shampeni, na madereva wengi hawawapendi. Wanakuja na tochi, wanalala chini ya gari, wanashika tairi juu na chini na kulitikisa kusikia kama boljointi imekufa. Wanabonyeza breki. Wanaangalia mipira ya breki kama imepasuka, waya kama zimechubuka, betri kama imefungwa kisawasawa. Vifaa vikubwa vinawekwa alama ili usije ukabadilisha kimyakimya katikati ya safari. Ukishindwa hapo, huanzi. Hata kama umetoka Japani na meli nzima ya vipuri.

Ukaguzi huu ukaja kuwa mkali zaidi pale magari yalipoanza kuzeeka. Mwaka 2003, miaka 50 baada ya ile Safari ya kwanza, yalianzishwa East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani peke yake, yakipita njia za Kenya na Tanzania. Porsche 911, Datsun Z, Ford Escort, vyuma vya babu. Bingwa wa dunia wa mwaka 1979, Björn Waldegård wa Sweden, aliyashinda mwaka 2007 na Escort, akayashinda tena mwaka 2011 na Porsche akiwa na umri wa zaidi ya miaka 65. Babu na chuma cha babu.

Kinachovutia ni kwamba kwenye mbio kama hizi gari linaruhusiwa kuwa zee, ila vitu vinavyomlinda mtu haviruhusiwi. Mikanda ya mashindano yenye kibali cha FIA ina tarehe ya kufa imeandikwa juu yake, kwa kawaida mwisho wa mwaka wa tano. Ikipita siku hiyo, hata kama mkanda unaonekana mpya, haukubaliki. Bodi ya mwaka 1972, sawa. Mkanda wa miaka saba iliyopita, hapana. Iringa pia mbio za magari zimekuwa zikifanyika, na zipo zilizopewa jina la Mkwawa mwenyewe. Ukipata nafasi usiende tu kuangalia gari likipaa. Nenda siku ya ukaguzi, kaa pembeni, angalia jamaa wa tochi anavyomwambia tajiri "toa hiyo, kalete nyingine". Ni burudani ya bure.

Nje ya mashindano nako dunia ilichelewa kuamka. Uingereza ilianza kulazimisha ukaguzi wa magari mwaka 1960, tena mwanzoni ulikuwa kwa magari yaliyofikisha miaka 10 tu: breki, taa na usukani. Walianza na magari mazee kwa sababu ndiyo yalikuwa yanaua. Japani wana shaken, ukaguzi wa lazima ambao gari jipya la mtu binafsi linaufanya baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miwili. Gharama yake siyo ndogo na gari likizeeka inauma zaidi. Ni sababu mojawapo inayofanya Mjapani aliachie gari ambalo bado linadunda, likapanda meli. Yaani Altezza nyingi ziko Mwanjelwa leo kwa sababu kuna mtu Osaka alikataa kulipia ukaguzi mwingine.

Na kwetu? TBS wanasimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanapoingizwa. TRA wana ushuru wa uchakavu, ambao unamwadhibu mnunuzi kwa umri wa gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalikataza gari bovu kuwa barabarani, na kuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, trafiki wanakagua na stika inabandikwa kiooni. Lakini kati ya siku gari linatoka bandarini na siku linafika Kitonga likiwa na mmiliki wa tano inaweza kupita miaka 15, na kwa gari binafsi mtu pekee aliyelitazama chini muda wote huo ni fundi wa kitaa. Mara nyingi aliitwa kuangalia mlio wa spika.

Hesabu ya mteremko

Twende kwenye kinachoua. Altezza yenye watu wanne na mabegi inakaribia kilo 1,700. Kila ikishuka mita 100 za wima huku spidi ikiwa ile ile, kuna nguvu lazima iende mahali. Ukiwa umeweka gia kubwa na mguu uko kwenye breki, karibu yote inaishia kwenye disiki kama joto. Ukipiga hesabu, ni joto la kuchemsha karibu lita 5 za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Kwa kila mita 100. Na Kitonga siyo mita 100.

Oili ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu taratibu. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka nyuzi 140. Ikichemka inatengeneza mapovu, na povu linabonyea. Ndiyo hapo unasikia "nilikanyaga ikazama mpaka chini". Gari lilikuwa na breki safi kabisa Morogoro. Lilikuwa na breki safi Ilula. Zilipotea kona ya nne.

Madereva wa malori wanalijua hili kwa damu. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, pale Mbeya unapotoka kwenda Tunduma, umeondoka na watu wengi. Julai 2018 lori lililoshindwa kusimama liliyakumba magari mengine pale, na msiba ule nchi nzima iliusikia. Dereva mzoefu anashuka na gia ile ile ambayo angepandia, injini inalia kwa hasira, na vijana kwenye Altezza nyuma yake wanampigia honi kwamba anachelewesha.

Kuna vitu vingine vinavyozeeka kimya. Tairi lina namba nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado mpira ukawa umekauka, na dawa nyeusi ya kung'arisha inaficha nyufa vizuri sana. Injini za Altezza, ile 3S na ile 1G, zinatumia taimingi belti ya mpira, siyo cheni. Ikikatika hakuna onyo. Bush zikiisha gari linaanza kuyumba ukikata kona, na mwenyewe anasema "ndo spoti lilivyo". Siyo spoti lilivyo. Ni bush.

Na mlimani kuna utani mwingine. Hewa ya Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Ile Altezza ya farasi 210 inafika Uyole ikiwa na kama 175. Dereva anayeizoea Bagamoyo anaingia kulipita lori pale Inyala kwa hesabu za Bagamoyo.

Mafundi wa Soweto pale Mbeya na wa Ipogolo Iringa wanalijua hili lote bila kusoma popote. Ukimpelekea gari lako lililoshushwa chini na springi zilizokatwa kwa grainda, hatakutukana. Atalizunguka mara moja, atainama, atatikisa tairi la mbele kwa mikono miwili, atasikiliza. Halafu atauliza: "Unarudi lini, mdogo wangu?"

Swali lina maana yake. Kwenda Mbeya, Kitonga unapanda, kwa hiyo inapimwa injini na rejeta. Kurudi Dar, Kitonga unashuka, na sasa inapimwa breki. Watu wengi wanapeleka gari kwa fundi kabla ya kwenda. Kurudi, Januari tarehe mbili au tatu, kazini wanasubiriwa, mfuko umekauka, wanatoka Mbeya alfajiri na kupita moja kwa moja. Ipogolo ndipo barabara kuu inapopita chini ya mji wa Iringa, na ukishaiacha, mji wa maana unaofuata kabla ya mteremko ni Ilula. Kumwaga oili ya breki iliyochoka, kutia mpya na kutoa hewa kwenye tairi zote nne ni kazi ya kama saa moja. Muda wa kula ugali na samaki, gari liko juu ya jeki, jamaa yuko chini na tochi mdomoni.